Mikono ya Mama Ilikuwa Vichwani mwa Watu

Wiki iliyopita nilikwenda saluni kusuka, nikatoroka kabla sijasukwa. Nasema mapema kwa sababu nyumbani kwangu wameshanicheka vya kutosha, na nyie mnaosoma mkitaka kucheka mnakaribishwa. Binti wa saluni alikuwa ameshanichana, nywele zote zimesimama, ameniwekea taulo mabegani, na mwenzake hapo pembeni alikuwa anamalizia kichwa cha mteja mwingine. Huyo mwenzake akaleta jagi la maji ya moto, akachovya ncha za rasta. Harufu ikapanda. Wanaoijua wanaijua: si ya kuungua, si ya kuiva, ni ya plastiki inayojilazimisha kuwa nywele. Mie palepale machozi yakanijaa, nikawa sijui nalia nini. Yule binti akaniuliza, "Anti, nimekuumiza?" Nikamwambia hapana mwanangu, nimekumbuka kitu, nitarudi kesho. Nikajitanda kanga kichwani nikaondoka.

Njiani ndipo nilipojua ninacholilia. Nilikuwa nalilia kibaraza cha nyumba ya kupanga kule Mwananyamala nilikokulia, na mwanamke mmoja aliyepanga chumba kinachotazamana na chetu, Mama Shamsa. Nilimpenda yule mama kuliko nilivyojua kusema. Kuna kipindi nilikuwa naomba kitu kimoja tu kila nikifumba macho kanisani: Mama Shamsa asihame. Akahama. Na sababu ya kuhama kwake niliibeba miaka yote hii nikiamini naijua.

Mama yangu alikuwa msusi. Baba alikuwa mchongaji pale Mwenge, anaondoka asubuhi na kurudi jioni na unga wa mpingo kwenye nyusi, mtu mpole asiyependa maneno. Wote kwao Newala. Baba alichonga, mama alisuka, sie tukala. Lakini mikono ya mama ndiyo iliyokuwa na sifa pale mtaani. Akikusuka mtindo wa twende kilioni unakaa nayo mpaka unaichoka mwenyewe na bado mistari imenyooka. Wateja walikaa kwenye mkeka, yeye nyuma yao kwenye kiti cha plastiki, kichwa cha mtu katikati ya magoti yake, na tangu natoka shule mpaka jua linazama sikuwahi kuiona mikono ile ikiwa mitupu. Ukimwita anakuitikia bila kugeuka. Ukimpelekea daftari anasema, "Weka hapo nitaangalia," na mikono inaendelea.

Mie kazi yangu ilikuwa kuchambua rasta. Unachukua fungu, unalivuta ncha zisilingane, unaligawa vijifungu vyembamba, unavilaza gotini. Mama ananyoosha mkono bila kutazama, unamwekea. Kichwa changu mwenyewe kilikuwa kipara, maana shuleni kwetu hakuna msichana aliyeruhusiwa kufuga nywele. Likizo nywele zikianza kuota kidogo, shule inafunguliwa, mashine inapita. Mtoto wa msusi anayefuatwa kutoka Sinza mpaka Kinondoni, na mama yangu hakuwahi kunisuka hata mstari mmoja. Wakati ule niliona ni kawaida tu, kama mtoto wa muuza samaki anavyokula maharage.

Sasa Mama Shamsa. Kwao Kilwa, alisoma mpaka kidato cha nne, mumewe alikuwa dereva wa malori ambaye akirudi tumeshamsahau jina. Shamsa mwenyewe sikuwahi kumwona. Alikuwa analelewa na bibi yake huko Kilwa, na mie kwa akili zangu nilidhani Shamsa ni jina tu alilopewa mama, hakuna mtoto nyuma yake. Kila Jumatano Mama Shamsa alinunua gazeti la hadithi. Watu wa rika langu mnayakumbuka, yale yenye picha ya kuchorwa, mwanamke ameshika kiuno na mwanamume anachungulia dirishani, halafu hadithi inakatwa palepale roho inapoanza kudunda. Akitoka nalo kibarazani, watu wananyamaza. Alikuwa na sauti ya mke, sauti ya mume na sauti ya mama mkwe, na ukifumba macho unawaona wote. Wanawake walipanga siku zao za kusuka ziangukie Jumatano. Mama alikuwa anamwambia, "Shoga yangu, wewe usome, mie nisuke, tutajenga." Na walipendana kweli. Mboga zilivuka korido kutoka mlango huu kwenda ule bila kufunikwa.

Nafasi yangu ilikuwa mapajani kwa Mama Shamsa. Mwanzo nilikaa pale kwa ajili ya kuona picha. Baadaye akaanza kupitisha kidole chini ya maneno anayoyasoma, taratibu, na mie nikawa nakifuata. Darasani kwetu tulibanana kwenye madawati, mwalimu anasoma sie tunaitikia, na darasa la kwanza nililimaliza nikiimba kitabu kizima bila kujua neno gani limekaa wapi. Kusoma nilikujulia pale, kwenye mapaja yenye harufu ya udi na mafuta ya nazi. Neno la kwanza nililolikamata peke yangu lilikuwa "akamkuta". Lilirudi sana kwenye zile hadithi. Nikamnong'oneza sikioni, "Hapo pameandikwa akamkuta," naye akanibana kwa mkono mmoja, akaendelea kusoma kama hakuna kilichotokea. Nilijisikia raha ambayo sijaipata tena, hata siku ya kuhitimu chuo. Hatukukubaliana kumficha mtu. Hakuna aliyeuliza, basi.

Hadithi iliyotushika kipindi kile ilikuwa ya fundi cherehani mmoja, Kassimu, na mkewe Mwajabu, na Zaituni ambaye ni shoga wa Mwajabu. Wiki hii Kassimu anamshonea Zaituni gauni bila kumwambia mkewe, wiki inayofuata Mwajabu analiona gauni kwenye kamba ya nguo. Kibaraza kikagawanyika. Wengine walisema Mwajabu ana wivu wa kijinga, gauni tu jamani. Wengine wakasema hakuna kitu kinachoitwa gauni tu. Mie lile neno wivu lilinisumbua. Lilitajwa kila mahali, wivu ulimpanda, wivu ulimla, akawaka wivu, nikashindwa kuelewa ni mdudu au ni moto. Nikauliza, "Mama Shamsa, wivu ni nini?"

Akafikiri kidogo. "Wivu ni pale unapokiona kitu chako kimeshikwa na mwenzio," akasema, "na mwenzio hata hajui kama amekishika."

Alikuwa amenipakata wakati anasema hayo. Mteja wa siku ile, Mama Pendo wa nyumba ya jirani, akashtuka pale mkekani. "Mama Stazia, taratibu, hicho kichwa ni changu."

"Nisamehe mwaya," mama akasema. Stazia ndiye mie. Nikatazama mkono wake, nikaona ile rasta niliyompa ameivuta mpaka imenyofoka.

Basi nikaanza kuchunguza nyumba yetu. Kichwa changu cha mtoto kilifanya hesabu rahisi: kama gazetini kuna marafiki wawili na mume mmoja fundi, na kwetu kuna marafiki wawili na mume mmoja fundi, kilichobaki ni gauni. Na gauni likaja. Jumapili moja baba alitokea na kigoda cha mninga, kifupi, ukingo umechongwa majani, akapita nacho mlangoni kwetu, akakipeleka moja kwa moja kwa Mama Shamsa. "Shemeji," akamwambia, "kiti cha kusomea hicho." Mama Shamsa akacheka ameziba mdomo kwa kanga. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa anachagua mchele na hakuinua uso.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Baba akisema "Habari za leo, shemeji," mie namsikia Kassimu. Mama Shamsa akimpelekea mama mchuzi, mie najiuliza ametia nini. Na katikati ya yote bado nilikuwa naenda kukaa mapajani kwake, maana pengine pote palikuwa baridi, halafu nikiwa pale namwonea mama huruma, na nikimwonea mama huruma namkasirikia Mama Shamsa, na nikimkasirikia natamani kulia kwa sababu nampenda. Kwenye zile hadithi mwanamke kama Zaituni mwisho wake ulijulikana. Anakufa, au anaondoka na sanduku. Nilichokuwa naomba ni kwamba hadithi isifike mwisho.

Kisha ikaja ile Jumatano. Mama Pendo ndiye aliyekuwa mkekani, upande mmoja wa kichwa umeshasukwa, mwingine umesimama. Sufuria ya maji ya moto iko pembeni inasubiri ncha. Mama Shamsa amekaa kwenye kigoda chake, mie juu ya mapaja. Hadithi ilikuwa imefika pabaya: Mwajabu ameambiwa mumewe alipo, anasukuma mlango. Kidole kinatembea chini ya maneno na macho yangu yanatembea na kidole. Gazeti lilisema viatu vya Kassimu vilikuwa chini ya kitanda cha Zaituni. Mama Shamsa akasoma, "Viatu vya Kassimu vilikuwa chini ya kitanda cha dada yake, alikokwenda kumuuguza."

Nikatazama tena. Nikadhani nimekosea mie, maana mie ndiye mtoto. Nikaanza upya, za, i, tu, ni. Haikuwa dada. Na mdomo wangu, ambao haujawahi kunisubiri tangu nizaliwe, ukasema kwa sauti, "Umekosea, Mama Shamsa. Hapo pameandikwa Zaituni."

Kidole kikaondoka gazetini. "Huyu naye ana usingizi," Mama Shamsa akasema, akijaribu kucheka.

Mama akageuka. Akageuka mwili mzima, mikono imeziachia nywele za mtu. "Umejuaje kama pameandikwa Zaituni?"

"Nimesoma."

"Umesoma wewe?"

"Ndiyo."

"Hebu soma."

Nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa sauti za Mama Shamsa kwa sababu sikuwa na nyingine, viatu na kitanda na Zaituni na aibu yote mpaka mwisho wa ukurasa. Katikati ya kusoma Mama Pendo aliinuka na kichwa chake nusu, akashika njia bila kuaga. Hakuna aliyemwita arudi. Mama alikuwa ananitazama mie tu.

"Nani kakufundisha?"

Nikamwonyesha kwa kidole, kwa fahari, nikidhani nitasifiwa. Mama akakitazama kigoda, akamtazama aliyekikalia, akanitazama mie niliye mapajani. Akaweka chanuo chini. "Tangu lini?" akauliza, na hilo hakuniuliza mie.

"Muda kidogo," Mama Shamsa akajibu. "Nilidhani unajua, Mama Stazia."

"Stazia, shuka hapo."

Nikashuka. Mama akabeba ile sufuria akaenda kumwaga maji uani, maji mazima, ya moto, yasiyochovywa kitu. Aliporudi akamwambia Mama Shamsa kwa upole kabisa, upole ulionitisha kuliko kelele, "Kuanzia leo magazeti yako uwe unasomea chumbani kwako." Na kwangu akasema, "Nikikuona umekanyaga kule tutaonana wabaya."

Mtaa ulijipatia majibu wenyewe. Mtoto kasoma habari za mume kukutwa kwa shoga wa mkewe, mama mtu kageuka rangi, mashoga wameachana hapohapo, sasa hapo unauliza nini tena? Na kigoda mnakiona. Bombani nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba wachongaji ndivyo walivyo, mikono yao haitulii. Mie sikushangaa hata kidogo, maana nilishayajua hayo kabla yao. Kilichonishangaza ni kwamba mama naye alisikia, akabeba ndoo yake akapita, hakukana neno hata moja.

Baba ndiye aliyekuwa amepotea kabisa. Jioni moja alinikuta nafagia uani akachuchumaa mbele yangu, msasa bado uko mkononi. "Stazia, mama yako ana nini?"

"Ana wivu."

"Wa nini?"

"Wewe ni Kassimu," nikamwambia, "na Mama Shamsa ndiye Zaituni."

"Kassimu ndiye nani?"

Nikamsimulia hadithi nzima, cherehani na gauni na viatu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kama mtu anayesikiliza habari za msiba. "Na mwisho inakuwaje?" akauliza. Nikamwambia haujatoka. Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. Siku chache baadaye nikaona ameanza kupita mlangoni kwa Mama Shamsa ameinamisha kichwa, hasalimii. Mie nikasema moyoni, basi ni kweli. Mtu asiye na kosa anainamisha kichwa cha nini?

Mama Shamsa alihama Jumamosi asubuhi. Guta la kubeba mizigo lilisimama mbele ya nyumba, kitanda kimefungwa kamba, godoro juu, jiko la mchina juu ya godoro. Mama alikuwa kibarazani na kichwa cha mteja magotini, mie pembeni nachambua. Mama Shamsa akaja mpaka pale amejitanda, ameshika kigoda.

"Mama Stazia, nimekuja kuaga."

"Haya. Nenda salama."

"Tumekaa vizuri."

"Tumekaa," mama akasema, na mikono haikusimama.

Mama Shamsa akakiweka kigoda chini. "Hiki nakiacha, kimetoka hapa." Kisha akanigeukia. Uso wake ulikuwa umevimba. "Mwanangu, soma kila unachokiona, hata karatasi ya maandazi." Nilitaka kumrukia shingoni, lakini mikono yangu ilikuwa imejaa rasta, na mama alikuwa ameshanyoosha mkono wake nyuma anasubiri. Nikampa. Nilipoinua macho guta lilikuwa linakata kona. Baadaye tulisikia yuko Mbezi Luis, anauza chakula karibu na stendi. Baadaye hatukusikia tena.

Gazeti halikununuliwa tena nyumbani kwetu. Nilisoma karatasi za maandazi miaka na miaka nikitafuta mwisho wa Kassimu na Mwajabu, na sikuupata. Nilipokua nikasoma vitabu vya kweli, vya maktaba na vya kununua, vingi, na kila nilipokutana na wivu humo ndani nilimkuta mwanamume katikati, au shamba la urithi. Kila kitabu kikanipigia mhuri kwamba nilielewa sawasawa pale kibarazani. Nikaolewa, na simu ya mume wangu nikawa naitazama kwa macho ya Mwajabu, mpaka mwenyewe akachoka akaniuliza nimefundishwa na nani kuishi hivi. Baba alipofariki nilimlilia kwa uchungu, lakini ndani ya uchungu kulikuwa na kijiwe kidogo cha hasira. Nilishika mkono wake wa kuchongea, nikakiwaza kigoda.

Sasa mama naishi naye mie, Goba. Vidole vyake vimekaza, kikombe anakishika kwa viganja. Macho nayo hayataki maandishi ya simu. Mchana anakaa sebuleni, miguu juu ya kile kigoda cha mninga, anasubiri nitoke kazini nimsomee hadithi zinazotumwa kwenye magrupu. Siku ile ya saluni nikaingia na nywele zangu zimesimama, akaniangalia. "Umetoka kusuka au kupigana?"

"Wamejaa," nikamdanganya. Nikakaa, nikafungua simu, nikaanza pale tulipoishia. Hadithi ilikuwa ya mwalimu wa sekondari anayesafiri sana. Mkewe anamfuata bila taarifa, anafika, anagonga, na mlango anaufungua mwanamke ambaye mke anamfahamu vizuri, rafiki yake. Nikaliona jina la huyo rafiki kabla sijalifikia. Harufu ya saluni ilikuwa bado iko puani, na mbele yangu alikuwa mama mzee, mjane, ambaye kwa akili yangu aliwahi kuusukuma mlango kama ule. Sikuweza. Nikasoma, "Mlango ukafunguliwa na dada yake, aliyekuja kumpikia."

"Dada yake tena," mama akasema.

Nikainua macho.

"Umesoma kama yeye. Hata pumzi umevuta palepale alipokuwaga anavuta." Hakuwa amekasirika. "Mama Shamsa alikuwa anamfichia Mama Pendo. Mumewe alishahamia kwa mwanamke Tandale, mtaa mzima unajua, ndoa ya mtu ipo hoi. Kila Mama Pendo akiwa mkekani, sehemu zile Mama Shamsa alikuwa anazigeuza. Gazeti mie nilikuwa nalisoma jioni, kabla sijalitumia kufungia rasta. Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Alikuwa na moyo mzuri yule."

"Sasa mama, ulikasirikia nini? Kile kigoda, na baba..."

"Kigoda mie ndiye niliyemwagiza baba yako. Mgongo ulikuwa unamuuma mwanamke wa watu, kukaa chini na wewe umemlalia mapajani." Akatoa miguu juu ya kigoda akaiweka sakafuni, kama ghafla kimekuwa cha mtu. "Baba yako hakuwa na shida yoyote."

"Basi nini?"

Akaviangalia vidole vyake. Nilidhani hatajibu, maana mama yangu ana tabia ya kuliacha swali lipoe lenyewe. "Nilikuwa sijui kama unajua kusoma," akasema. "Mwanangu wa kumzaa. Unasoma gazeti zima, kwa sauti ya mtu mwingine, mie nipo palepale nimekupa mgongo. Wewe ukishikwa na homa unamwita yeye. Ukifurahi unamkimbilia yeye. Na yeye wake yuko Kilwa kwa bibi yake, hakuwa na nia mbaya, alikuwa na hamu ya mtoto tu. Hakunikosea kitu. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakipiti, na siku ulipomwonyesha kidole, ukacheka, nikaona nikimwacha hapo hutarudi kwangu."

"Watu walimsema baba, mama. Na mie nilimwaza vibaya mpaka kaburini. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Wivu wa mume kila mtu anauelewa. Ukiutaja unapewa na pole. Huu wangu sijawahi kuusikia kwenye hadithi yoyote, wangeniona nimerukwa na akili. Baba yako nilimwambia. Alilia kuliko mie. Akasema waache waniseme mie, nyie wawili msisemwe. Akaacha hata kumsalimia yule mama, maana kila akimsalimia ndio wanazidi kumsema."

Mpaka leo sijui nimkasirikie nani. Nimejaribu kumkasirikia mama nikashindwa, kwa sababu kila nikianza naiona mikono ile ikifanya kazi na ada zangu za shule zikitoka humo. Nimejaribu kumwomba baba msamaha lakini sijui mtu anamwombaje msamaha marehemu kwa jambo ambalo hakuwahi kuambiwa. Na Mama Shamsa, kama yuko hai, ni bibi kizee sasa, labda anaamini alifukuzwa kwa sababu ya mume wa mtu, au alijua ukweli siku ileile. Jibu lake kuhusu wivu nalirudia kichwani, lile la kitu chako kimeshikwa na mwenzio ambaye hata hajui, na sijui kama alikuwa anamsemea Mwajabu, au mama, au Shamsa wake aliyekuwa anaitwa mwanangu na wengine huko Kilwa.

Jioni ile mama akakisogeza kigoda kwa mguu mpaka mbele ya magoti yake. "Kaa hapo."

"Mama, vidole vyako."

"Nimesema kaa. Huwezi kwenda kazini hivyo."

Nikakaa, mtu mzima mie, mama wa watoto, magoti yangu yamefika kidevuni. Akakishika kichwa changu kwa viganja viwili akakitia katikati ya magoti yake. Akaomba chanuo, nikampa. "Soma," akasema, "na sasa hivi usiruke."

Nikasoma kila neno lilivyoandikwa, na jina la rafiki nikalitamka. Nyuma yangu nilisikia anagawa nywele, anakosa, anaanza upya, anaguna kwa maumivu na kuendelea. Tulimaliza hadithi, bado hajamaliza kichwa, ikabidi nirudie hadithi tangu mwanzo.

Mistari imepinda. Mmoja umeanzia sikioni ukaishia hewani. Jumatatu nilikwenda nayo ofisini, na dada mmoja wa mapokezi, ambaye hawezi kunyamazia kitu, akanizunguka akaniuliza ni nani aliyenisuka vile. Nikamwambia ni mama yangu.